Mrudisheni nyumbani

Simiyu imejenga hospitali, vituo vya afya na zahanati kwa kasi. Kwa mzee mwenye ugonjwa usiopona, safari ya matibabu bado inaishia kwenye maneno mawili.

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

PIKIPIKI iliingia uani saa nne asubuhi, jua la Itilima likiwa limeshakolea. Dereva mbele, binamu yangu nyuma, na katikati yao shangazi, amefungwa kitenge kilichomzunguka pamoja na dereva ili asichomoke kwenye mashimo.

Vijana wa huku huita ukaaji huo mshikaki. Kwa kijana anayetoka mnadani ni jambo la kuchekesha. Kwa mwanamke wa miaka 68 mwenye kidonda cha saratani kwenye titi, kila shimo la barabara lilimfikia kifuani.

Walikuwa wanatoka hospitali. Cheti kilikuwa na dawa mbili, panado na diklofenaki. Maelezo mengine binamu aliyabeba kwa mdomo: mrudisheni nyumbani, mkamhudumie.

Kumhudumia vipi, hakuna aliyesema. Binamu ni mkulima wa pamba. Anajua namna ya kupulizia dawa ya funza wa vitumba, na anajua la kufanya ng'ombe akivimba tumbo. Kidonda kile hakukijua.

Siku zilizofuata nyumba ilibadilika. Watoto walihamishiwa kwa jirani ili wasisikie kilio cha usiku. Harufu ya kidonda ilianza kuwafukuza hata waliokuja kumjulia hali. Walisimama mlangoni, wakasema "mwangaluka mayu", wakaaga. Shangazi alielewa. Akaomba kitanda chake kihamishiwe jiko la nje, asisumbue watu.

Wiki ya pili alipita muuguzi mmoja mstaafu anayeishi kijiji cha pili. Hakuuliza habari za dawa kubwa. Aliuliza kama tuna vidonge vya Flagyl, vilevile ambavyo watu humeza wakiharisha. Tukavinunua kwenye duka la dawa muhimu. Akachemsha maji, akatia chumvi kidogo, akaosha kidonda taratibu, kisha akasaga vidonge kwa mgongo wa kijiko na kuunyunyiza unga ule juu yake.

Ndani ya siku chache harufu ilipungua kiasi cha watu kuweza kuketi. Kitanda kikabaki ndani, majirani wakarudi na umbea wao, na shangazi akaanza tena kuwasimanga wakwe zake. Saratani ilikuwa palepale.

Nimeanza na unga huo kwa sababu tulikuwa tumeshaambiwa kwamba hakuna la kufanya.

> "Aliuliza kama tuna vidonge vya Flagyl, vilevile ambavyo watu humeza wakiharisha."

Majengo yapo

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ukiwa na wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka huohuo iliukuta na watu 1,584,157. Ile ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu milioni katika miaka kumi, kwenye nchi ya pamba, mifugo na mvua za kubahatisha.

Mkoa ulipoanza, mzigo wote wa rufaa uliangukia Somanda, hospitali ya siku nyingi mjini Bariadi. Baadaye ikajengwa hospitali ya rufaa ya mkoa eneo la Nyaumata. Lami nayo ilifika. Kutoka Bariadi unaweza kushuka Maswa hadi Mwigumbi, au kutokea Lamadi kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, bila kula vumbi. Anayekumbuka safari hizo zilivyokuwa miaka ya 1990 atakubali kwamba mengi yamefanyika.

Tangu mwaka 2024 kuna pia kambi za madaktari bingwa, wanaojulikana kama Madaktari Bingwa wa Dkt. Samia, zinazozunguka hospitali za wilaya. Wakija, foleni inaanza kabla ya jogoo, na wazee ni wengi humo. Wanaleta magoti, tezi dume, presha, sukari, macho, na uvimbe ambao walikuwa wakiuficha.

Ngazi ya rufaa imepangwa vizuri kwenye karatasi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Bugando jijini Mwanza. Kila kidato kinampandisha mgonjwa kwenda juu. Hakuna mfumo unaomshusha kwa mpangilio uleule, kutoka Bugando hadi kitongojini, akiwa na dawa yake, maelezo yake na mtu wa kumfuatilia. Kushuka, mgonjwa anashuka mwenyewe, kwa mshikaki.

Dirisha la wazee

Mwenye nywele nyeupe akiingia hospitali ya umma leo ataona kibao: Mzee kwanza, au maneno yanayofanana na hayo. Kuna dirisha la wazee, na mahali pengine kuna chumba chao maalumu cha daktari. Mizizi yake ni Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyotamka kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Halmashauri zimekuwa zikitoa vitambulisho vyenye picha kwa ajili hiyo.

Ni jambo jema, na nimeona mzee wa Meatu akikivuta kitambulisho chake kutoka kwenye mfuko wa ndani wa koti, kimefungwa kwa nailoni, kwa fahari ya mtu anayeonyesha hati ya shamba.

Tatizo linaanza hatua chache mbele, kwenye dirisha la dawa. Kumwona daktari ni bure. Kipimo, kama mashine inafanya kazi, ni bure. Kisha mfamasia anasoma cheti na kusema dawa hii hatuna, kanunueni nje. Kitambulisho hakisomwi duka la nje.

Niliwahi kudhani huo ni ukaidi wa watumishi. Sasa sidhani hivyo. Hospitali hununua sehemu kubwa ya dawa zake kwa fedha inazokusanya yenyewe, malipo ya papo kwa papo na marejesho ya bima. Mgonjwa wa msamaha anakula kwenye chungu hicho hicho bila kutia kitu. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mwenye kifua kikuu na mzee, wote ni wa msamaha. Katika wilaya ya wakulima ambao mwezi wa pili hawana shilingi mfukoni, wanaolipa ni wachache. Mganga mfawidhi anaagizwa asimwache mzee bila dawa, na fedha ya dawa ya mzee haji nayo mtu.

Kwa hiyo kuna pande mbili zinazolaumiana na zote zina ukweli. Mzee anasema serikali iliahidi. Mtumishi anasema serikali iliahidi kwa chungu chake.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa jaribio la kuziba pengo hilo. Kaya ya watu sita ilichangia 30,000 kwa mwaka, na kadi ilitumika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa homa na kidonda ilitosha. Kwa saratani, ilikufikisha pale ambapo safari yenyewe ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu Mwanza ilikuwa nje ya kadi.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye mfuko wa kuwabeba wasio na uwezo. Maofisa wa afya huiweka mbele kila mara swali la wazee linapoulizwa. Mimi nitaipima kwa jambo moja: kama kitita cha mzee asiyelipa kitamfuata nyumbani kwake akishindwa kunyanyuka, au kitamsubiri dirishani.

Zanzibar, tuseme kwa pembeni, walianza na fedha mkononi. Tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 hupata pensheni jamii, kwanza 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Haitoshi kutibu saratani, ila inatosha nauli ya kwenda kliniki na kurudi, na nauli ndiyo huwashinda wengi.

Neno lenye asili ya maombezi

Kiswahili cha hospitali kimeipatia kazi ya kumtuliza mgonjwa asiyepona jina zuri: tiba shufaa. Waislamu wa pwani wanaijua shufaa kuwa ni maombezi, kusimama upande wa mtu mbele ya mwenye nguvu. Sijui aliyelichagua neno hili kwa uuguzi alikuwa akiwaza hivyo, lakini limekaa mahali pake. Maumivu yana nguvu kuliko mgonjwa. Anahitajika mtu wa kusimama upande wake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 56.8 huhitaji tiba hii kila mwaka. Wengi wao, asilimia 78, wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaoipata duniani kote ni kama asilimia 14.

Nchini mwetu ilianzia mbali na Simiyu. Hospitali ya Selian mkoani Arusha, ya Kanisa la Kilutheri, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990, na hospitali nyingine za kanisa hilo zikafuata. Muheza, mkoani Tanga, nao wakawa na kituo chao. Taasisi ya Saratani Ocean Road, ndani ya majengo ya Wajerumani pale ufukweni Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa tegemeo la mionzi kwa taifa zima kwa miaka mingi, kabla Bugando haijapata ya kwake.

Kisha kulikuwa na UKIMWI. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, vijiji vya Kanda ya Ziwa vilikuwa na watu wa huduma za majumbani. Walikuwa akina mama wa kujitolea, mkoba begani, glavu, sabuni, panado, shuka. Walijua kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kumlisha uji kidogo kidogo, na kukaa naye.

Dawa zikaja, wagonjwa wakanyanyuka kitandani, fedha za wafadhili zikahamia kwingine, na mikoba ile ikaishia juu ya makabati. Hakuna aliyelia, maana watu walikuwa wanapona. Lakini ujuzi ulioondoka na akina mama wale ndio huohuo anaouhitaji leo mzee aliyepooza upande mmoja kule Meatu. Muuguzi mstaafu aliyetusaidia aliupatia huko.

Chupa yenye maji machungu

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya vidato vitatu ya kutuliza maumivu ya saratani. Chini kabisa ni panado na jamaa zake. Katikati ni kodeini na zinazokaribiana nayo. Juu ni morfini. Mgonjwa anapanda kadiri maumivu yanavyopanda, na dawa anapewa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, asingoje hadi alie.

Shangazi alikuwa kidato cha chini huku maumivu yake yakiwa juu ya paa.

Morfini ya kunywa si kitu cha maabara ya ajabu. Ni unga uliochanganywa na maji safi na dawa ya kuzuia usiharibike, ukatiwa kwenye chupa. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne. Ya kulalia huongezwa ili apitilize usiku. Usingizi wa siku za kwanza hupungua wenyewe. Choo hufunga, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa siku hiyohiyo. Anayesahau hilo anamtoa mgonjwa kwenye maumivu ya kifua na kumtia kwenye ya tumbo.

> "Shangazi alikuwa kidato cha chini huku maumivu yake yakiwa juu ya paa."

Wapo wanaoiogopa, na hoja yao isidharauliwe. Ni dawa ya kulevya kisheria. Ikitoroka kabatini inaweza kuua, na mfamasia ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo hufungiwa kwenye kabati lenye kufuli mbili, huandikwa kwenye daftari lake, na kila mililita hutolewa hesabu. Mtumishi wa kituo kidogo, peke yake zamu ya usiku, anaona heri asiwe nayo kabisa.

Kuna hofu nyingine, ya familia, kwamba morfini ndiyo dawa ya kumalizia. Ikitajwa tu, watu wanaanza kuhesabu ng'ombe wa msiba. Hofu hiyo imetokana na desturi ya kuiandika siku mbili za mwisho. Mtu akinywa leo na kuzikwa keshokutwa, kijiji kinaunganisha mambo.

Upande wa pili ni hesabu za dunia, na hapa nakiri huwa nakasirika. Tume ya jarida la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za morfini na jamii yake zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaozibana dawa hizi unasema pia ni za lazima kwa kutuliza maumivu, na unazitaka serikali zihakikishe zinapatikana kwa matibabu. Kila nchi hupeleka Vienna makadirio ya kiasi inachohitaji kwa mwaka. Nchi ambayo madaktari wake hawaiandiki itakadiria kidogo, itapata kidogo, na madaktari wake wataendelea kutoiandika.

Kwa jirani Uganda

Wanaosema haiwezekani kwenye nchi ya mihogo na barabara za vumbi wana jibu lao upande wa pili wa Ziwa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyekuwa amepita Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Aliingia na fomula ya kuchanganya morfini ya unga na maji, aliyoibuni na wafamasia akiwa Singapore, rahisi kiasi cha kuchanganywa karibu na sinki la jikoni.

Hatua kubwa ilikuja 2004. Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika morfini. Daktari ni mmoja kwa maelfu ya watu, muuguzi yuko kijijini. Dawa yao hutiwa rangi kulingana na ukali wake, kijani kwa ile nyepesi, hivyo hata mjukuu asiyejua kusoma anaweza kuambiwa ampe bibi kijiko cha ile ya kijani.

Merriman alifariki Mei 2025, siku chache baada ya kutimiza miaka 90. 

Macho mekundu

Simiyu kuna sababu moja zaidi ya kumtibu mzee mapema, na watu hawapendi kuizungumza mbele ya wageni. Katika Usukuma wapo vikongwe waliouawa kwa panga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi ukiwa macho yao mekundu. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na za shirika la HelpAge zimelirudia jambo hilo miaka mingi, zikitaja mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Tabora, Geita na huu wetu.

Macho yale yana historia ya kitabibu. Nchi hii miti ni haba; mama amepikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ongeza vumbi, ongeza trakoma, ongeza mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji ambao mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku ileile.

Kuna na akili inayopotea. Uchunguzi uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Hakuna sababu ya kudhani Wasukuma wameepushwa. Bibi anayetoka nyumbani usiku wa manane, anayeongea na dada yake aliyekufa zamani, anayekutwa amesimama kwenye boma la mtu asijue amefikaje, kliniki ingempa jina la ugonjwa. Mtaani anapewa jina jingine, na linatembea haraka kuliko gari la wagonjwa.

Waganga wa jadi, bafumu, wamo katikati ya hili. Ni kosa kuwaweka wote kapu moja. Wapo wapiga ramli waliosababisha damu. Wapo pia wanaokaa na mgonjwa saa nzima, wanamuuliza alianzaje, anaota nini, nani amemuudhi. Hospitalini dakika tano ni bahati. Mzee anayekwenda kwa mfumu hakwenda kwa ujinga tu. Alikwenda mahali atakaposikilizwa.

Nani atakwenda nyumbani

Niliwahi kumsikia mtu wa afya, mwenye nia safi, akiuliza kwa nini tuhangaike na wanaoondoka ilhali wanaokuja hatujawamaliza. Ni swali la haki. Simiyu ni mkoa wa watoto; wodi za wazazi zimejaa, watumishi hawatoshi, na fedha ikipatikana lazima ichaguliwe iende wapi. Mwenye kusema mtoto kwanza hakosei.

Lakini tazama kilichofanyika kwa mama mjamzito. Akishikwa na uchungu kijijini anapiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anaita dereva wa kijiji aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha. Ndio mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kutangazwa kuwa wa taifa mwaka 2022. Dereva yupo, simu ipo, njia ya malipo ipo. Mzee aliyezibwa mkojo saa nane za usiku, akilia kama mtoto, namba hiyo si yake.

Vivyo hivyo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, wawili kila kitongoji au mtaa. Hao ndio warithi wa akina mama wa mikoba. Mafunzo yao yanawaelekeza zaidi kwa mama, mtoto, lishe na magonjwa ya kuambukiza. Kuwaongezea wiki ya kujifunza kuosha kidonda kinachonuka, kumgeuza aliyepooza, kutambua maumivu ya mtu asiyeweza kusema, na kujua lini wapige simu, hakuhitaji jengo.

Morfini peke yake ndiyo inayohitaji sheria, mafunzo na kufuli. Mengine mengi katika habari hii yanauzwa duka la kijijini.

> "Dereva yupo, simu ipo, njia ya malipo ipo. Mzee aliyezibwa mkojo saa nane za usiku, akilia kama mtoto, namba hiyo si yake."

Ng'ombe wanne

Upo upande mmoja zaidi, na huo ni sisi ndugu. Shangazi alipogundulika, ukoo ulikaa. Mjomba mmoja alitaka apelekwe Mwanza mara moja, mwingine alitaka mganga wa Maswa, wa tatu alinyamaza, maana ng'ombe walikuwa wake. Wakauzwa wanne. Aliyekuwa mgonjwa hakuulizwa, na hakuambiwa anaumwa nini. Tulisema ni jipu.

Huko Mwanza walisema imechelewa kwa upasuaji. Miezi miwili baadaye tulikuwa tumebaki na deni na jipu la uongo. Sina hakika kwamba kweli ingempunguzia maumivu, ila ingeacha ng'ombe wawili zizini, na najua angechagua hivyo, kwa sababu baadaye alituambia. Alijua siku nyingi. Alikuwa anatuficha sisi.

Katika hospitali nyingi mazungumzo haya hayana mwenyewe. Daktari anamwambia ndugu kwenye korido, ndugu anachagua maneno, mgonjwa anasoma nyuso. Wanaofanya tiba shufaa hulihesabu kuwa sehemu ya dawa: kukaa chini, kuuliza mgonjwa anajua nini, anataka kujua nini, na ana jambo gani lisilokwisha, awe ni mtoto aliyegombana naye, shamba lisilo na hati au deni la duka.

Shangazi alikuwa na shamba. Aligawa yeye mwenyewe, ameegemea ukuta, siku ya tano baada ya morfini kuanza.

Ndiyo, ilipatikana. Binamu alirudi tena Mwanza, peke yake safari hii, na barua aliyoandikiwa na yule muuguzi mstaafu, akaja na chupa ya plastiki. Maji machungu, shangazi alisema, na akaomba sukari. Usiku ule alilala mpaka jogoo. Sisi hatukulala, tulizoea kuamshwa, na ukimya ulitutia wasiwasi, tukawa tunachungulia mlangoni kwa zamu kuona kama anapumua.

Aliishi wiki saba. Wiki ya mwisho aliomba michembe na karanga, akala vipande viwili.

Chupa ilibaki na theluthi. Muuguzi alisema isimwagwe wala isihifadhiwe, irudishwe ilikotoka, na ilikotoka ni Mwanza. Ikawekwa juu ya kabati, nyuma ya redio, hadi atakayepata safari.

Siku ya tatu baada ya matanga alikuja mzee wa upande wa pili wa mto, kwa baiskeli, kofia mkononi. Alitoa pole, akauliza habari za mvua na bei ya pamba, akanywa uji wote. Kisha akavuta kigoda karibu na binamu na kusema kwa sauti ya chini kwamba mke wake halali, na amesikia hapa kuna dawa iliyobaki.